Shangazi, watoto wa bwenini kwangu wanaongea kwa mikono

Toleo lililopita niligusia watoto viziwi kwa aya moja tu, nikijibu swali la mtu mwingine kabisa, na barua zikamiminika. Nyingi zimetoka huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Ya kwanza naijibu kwa kirefu kwa sababu aliyeiandika yuko na watoto usiku na mchana. Nyingine nimezifupisha, wenyewe mtaniwia radhi.

*Shikamoo Shangazi. Nilikuwa nauza chakula stendi ya Makambako mpaka mwaka huu nilipopata kazi ya umatroni kwenye shule moja ya bweni mkoani Njombe. Shule ina watoto wanaosikia na kitengo cha viziwi, na mimi nimepangiwa bweni la wasichana viziwi. Siku ya kuripoti nilionyeshwa vitanda, stoo ya magodoro na funguo. Lugha hakuna aliyenionyesha. Mwenzangu mmoja anasema niongee polepole na kwa nguvu tu, wanasoma midomo. Mkubwa wangu anasema nikikwama nimwite kiranja, ana usikivu kidogo na anaongea. Juzi usiku katoto ka darasa la pili kaliamka kanalia, kanarudia alama ileile. Nikadhani ni tumbo, nikakapa maji ya moto, nikakapeleka choo, kakazidi kulia. Mwishowe nikamwamsha kiranja. Kumbe kalikuwa kanauliza shule inafungwa lini. Nikijaribu alama wananicheka. Hela ya kozi sina, na nina miaka 41. Nianzie wapi? — Matroni, Njombe*

Marahaba mwanangu. Hilo la umri liweke pembeni. Nimefundisha kitengo cha viziwi mpaka nikastaafu, na nimewaona wapishi wenye wajukuu wakitaniana na watoto kwa mikono kwenye foleni ya uji, huku walimu vijana wenye vyeti wakihama shule wanajua alama za "kaa", "nyamaza" na "andika" basi. Wapishi walikaa na watoto saa ambazo hakuna kipindi. Wewe kazi yako yenyewe ni kukaa nao, kwa hiyo umeshawatangulia walimu wengi.

Tumalize kwanza habari ya midomo. Simama mbele ya kioo useme bila sauti: baba, mama, papa. Umeona tofauti? Hakuna, midomo inafunga na kufunguka vilevile. Sasa sema "kaka" na "gaga", utaona kazi yote inafanyika huko kooni ambako hakuna anayechungulia. Anayeweza kubahatisha ni mtoto aliyewahi kukisikia Kiswahili kabla homa ya uti wa mgongo haijamharibia masikio, naye anabahatisha hasa kwa kujua mnazungumzia nini. Aliyezaliwa kiziwi abahatishe kwa kutumia neno gani, naye hajawahi kulisikia hata moja? Kupaza sauti ndiyo kabisa, kunaukunja mdomo na kukufanya uonekane una hasira.

Usimlaumu sana mwenzako lakini. Wazo hilo lina wakubwa wake. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, Italia, karibu wote wakiwa watu wanaosikia, wakapiga kura kwamba darasani mdomo ndio utawale na alama ziondoke. Shule nyingi duniani zikafuata, na watoto wakawa wanachapwa mikono kwa kosa la kuongea. Ilichukua mpaka mwaka 2010, huko Vancouver, Kanada, kwa mkutano kama ule kuyakataa rasmi maazimio ya Milan. Miaka 130. Ukiambiwa tena "wanasoma midomo", mpe huyo mtu kioo.

La kiranja linaniudhi zaidi. Kwa tangazo la kufua shuka au kubadili zamu ya kudeki, mwite, hakuna ubaya. Kwa ugonjwa, hedhi, au mtoto anayetaka kusema kwamba kuna mtu amemshika mahali asipopaswa, usimwite kabisa. Kiranja naye ni mtoto, ana haki ya kulala. Huenda anayelalamikiwa ni rafiki yake, au ni yeye mwenyewe, nawe hutajua kilichokatwa njiani. Jambo zito litafsiriwe na mtu mzima anayeijua lugha na asiyehusika na kesi. Likifika Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, sema mapema kwamba mtoto ni kiziwi na anahitaji mkalimani, tena si yule mwalimu anayetajwa kwenye malalamiko. Mpaka hapo utaona kwa nini nataka ujifunze haraka: kuna mambo mtoto atayasema mara moja tu, saa nane ya usiku, kwa yeyote aliye mbele yake.

Basi, pa kuanzia. Tafuta mtu mzima kiziwi. Watoto watakufundisha mengi bila hata kukusudia, lakini hawatoshi, na sababu yake ni hii. Wengi wao wamezaliwa na wazazi wanaosikia ambao hawajui alama. Nyumbani walikuwa na ishara zao za kuombea maji na kumwitia mbuzi, ambazo mama na ndugu wawili watatu ndio wanazielewa. Mtoto anafika shule na miaka saba au tisa bila lugha iliyokamilika, si ya mdomo wala ya mikono. Kwa hiyo wewe na yule mdogo mko darasa moja, mkijifunza kwa kuibiana. Mtu mzima aliyekulia ndani ya lugha ndiye atakayekuonyesha inavyotembea kwa kasi yake, pamoja na utani na umbeya.

Mkoa wenu una bahati, kuna sekondari ya viziwi pale Njombe, maana yake watu wanaoijua lugha barabara hawako mbali. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kimekuwepo tangu miaka ya 1980 na kina matawi mikoani. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au afisa wa elimu maalumu anaweza kukuelekeza kwa wanachama walio karibu. Mara nyingi utamkuta fundi cherehani au fundi viatu aliyemaliza shule zamani, anayeweza kuja Jumamosi mchana. Mlipe. Kama hela hakuna, mpe debe la viazi na nauli, lakini asirudi kwake mikono mitupu kwa kisingizio kwamba "anasaidia wenzake". Na mwambie mkuu wa shule kwamba gharama hiyo si ya mfuko wako. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na mkataba huo unataka watumishi wa elimu wa ngazi zote wafundishwe. Matroni ni mtumishi.

Usianze na lile bango la herufi za vidole. Kila mgeni hubandikiwa A mpaka Z ukutani, anakariri, anajiona anajua, halafu anakaa kumwandikia mtoto wa darasa la pili neno "blanketi" herufi moja moja hewani. Mtoto hajui kusoma bado! Herufi utazihitaji kwa majina ya watu na ya mahali. Anza na vitu vya bwenini: maji, choo, kuumwa, wapi, lini, nani, nyumbani, mama, baridi, kuogopa, damu, bado, kesho. Mtoto akitaja kitu, mwombe arudie, urudie nawe, umwache akushike vidole akunyooshe. Jina lako la alama usijitungie. Subiri wakupe, na watachukua kitu ulichonacho mwilini au tabia yako, wakati mwingine bila huruma. Mimi nilipewa pengo la jino la mbele. Niliziba pengo baadaye, jina likabaki.

Wanakucheka kwa sababu gani? Sijakuona, lakini nadhani uso wako umelala. Sisi tukiuliza "umekula?" sauti inapanda. Wao zinapanda nyusi. Mikono inasema "umekula", na uso ndio unaoigeuza kauli kuwa swali. Ukitoa alama sahihi na uso wa kibaruani, mtoto anaona mtu anayetangaza kwamba amekula, anashangaa, kisha anacheka. Fanya mazoezi ya nyusi hata ukiwa unaosha vyombo.

Na hapa kuna jambo linalotusumbua sana watu wa huku. Tumelelewa kwamba mtoto mwenye adabu hamkodolei macho mkubwa, anainamisha kichwa akisemwa. Bwenini kwako anayekukodolea macho ndiye anayekusikiliza. Akiinama, ameziba masikio. Nimewaona walezi wakimshika mtoto kidevu kwa nguvu ili awatazame, na wengine wakimkaripia kwa "jicho kavu" siku hiyohiyo. Amua moja, na liwe la kutazamana.

Usiku sasa, maana ndipo ulipokwama. Umeme ukikatika, mazungumzo yote ya bweni yanakatika nao. Watoto wanaosikia wanaendelea kunong'ona gizani, wa kwako kila mmoja anabaki peke yake. Ukiingia na tochi usimmulike mtoto usoni, hataona kitu zaidi ya mwanga, nawe utakuwa umegeuka askari. Jimulike mwenyewe, kuanzia kifuani mpaka usoni, aone ni nani na anasema nini. Akijibu, mwanga uhamie kwenye mikono yake, chini ya kidevu. Ila mkono ulioshika tochi hauongei, kwa hiyo bora taa ya sola ya kutundika. Gongomea msumari kwenye nguzo ya kitanda, usawa wa kichwa chako, itundike hapo ubaki na mikono yote miwili. Kumwamsha, usivute blanketi. Mguse begani, au gonga chaga mtetemo umfikie, halafu mwache afikiche macho kwanza.

Juni na Julai huko kwenu kila mtu mikono iko ndani ya kitenge. Itoe. Masweta ya mtumba yana mikono mirefu inayofunika vidole, wakunjie asubuhi kabla hawajatoka, la sivyo wanaongea nusu nusu. Na vitenge vyako vya maua makubwa, mwanangu, navipenda hata mimi, lakini vinameza mikono. Ukiwa zamu vaa kitu cha rangi moja.

Ukimaliza kueleza jambo usiulize "umeelewa?" Watatikisa kichwa wote. Mtoto aliyeishi miaka mingi bila kuelewa ameshajifunza kwamba kukubali ndiyo njia ya haraka ya kuachwa. Muulize "matroni amesema nini?" na uangalie mikono yake.

Yule mdogo wa juzi nitakwambia alichokosa. Watoto wanaosikia wanajua shule inafungwa lini bila kuambiwa. Wamemsikia mpishi akilalamika, wamesikia walimu wakipanga usafiri, wamesikia redio ya mlinzi. Wa kwako habari haiwafikii mpaka mtu aipeleke. Basi linachelewa, umeme utakatwa Jumanne, mwalimu fulani amefiwa, mbuzi aliyefungwa nyuma ya jiko ni wa mahafali: vyote hivyo wanaviona vikitokea bila sababu. Ukizungumza na mpishi mbele yao, tia alama hata tatu nne mnazozijua, wapate kudokoa. Na leo hii nunua kalenda kubwa, itundike karibu na kitanda chake, zungushia kwa wino mwekundu siku ya kufunga, na kila jioni yeye mwenyewe akate siku moja. Hiyo haihitaji kusubiri kozi.

*Kamwene Shangazi. Nasomea ualimu hapa Iringa na nimeanza kujifunza lugha ya alama kwa video za Wamarekani mtandaoni. Rafiki yangu anasema napoteza muda, mwingine anasema lugha ya alama ni moja dunia nzima. Nani mkweli? — Mwanachuo, Kihesa*

Kamwene. Wa pili kakosea kabisa. Kila nchi ina yake, na yetu ni Lugha ya Alama ya Tanzania, kwa kifupi LAT. Wa kwanza kakosea nusu, kwa sababu alama kadhaa za Kimarekani zimeingia kwetu na utakutana nazo, ila hutajua ni zipi mpaka uulize watu wa hapa. Hata ndani ya nchi kuna tofauti. Shule zetu zilianza kwa nyakati na mikono tofauti, Tabora mwaka 1963, Buguruni mwaka 1974, nyingine baadaye, na kila moja ilikuza alama zake kabla wanafunzi hawajaanza kukutana. Profesa Muzale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitoa kamusi ya LAT mwaka 2004. Ikiwa maktaba ya chuo chenu haina, waombe. Lakini kamusi ikisema hivi na watoto wa shule uliyopangiwa wakasema vile, fuata watoto.

Na usizoee kuweka alama chini ya kila neno la Kiswahili ukidhani ndiyo lugha yenyewe. LAT ina mpangilio wake na haina ngeli zetu. Ndiyo maana mtoto kiziwi anaandika "uji kunywa bado" na wewe unataka kumwekea kosa la sarufi. Amefikiri katika lugha moja na kuandika katika nyingine, kama wewe na Kiingereza chako.

*Shangazi, mimi ni muuguzi wa zahanati wilayani Rungwe. Kuna mama huja na kijana wake kiziwi wa miaka kumi. Kila nikiuliza kitu mama anajibu. Mtoto anatazama dari tu. Nifanyeje na foleni ilivyo?*

Mama muulize historia: homa ilianza lini, amekula nini, dawa zipi ametumia. Maumivu muulize mwenyewe. Chora mtu kwenye karatasi, mpe kalamu aweke alama panapouma, kisha aonyeshe kwa vidole, kimoja ni kidogo, vitano hakulaliki. Shusha barakoa ukiwa umerudi nyuma hatua mbili, aone uso. Sindano muonyeshe kabla hujamchoma, hata kama unajua atalia. Asiyesikia sauti ya maandalizi huiona sindano ikiwa tayari mwilini, na mara ijayo hamtamkamata. Dozi mchoree jua linachomoza, jua la utosini na mwezi, na vidonge chini ya kila kimoja. Mama akiona mchoro utashangaa, naye alikuwa hakuelewa maelezo ya bahasha.

Nawe unajua hili lakini naliweka kwa wengine wanaosoma: mtoto akipona homa ya uti wa mgongo apimwe masikio mapema, hata kama anaonekana mzima. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya wana kitengo cha masikio, pua na koo. Wengi tuliowapokea shuleni walikaa nyumbani miaka wakiitwa wakaidi.

*Shangazi habari. Nina karakana ya mbao Mafinga. Nimemchukua kijana kiziwi wa miaka 20, mchapakazi kuliko wote. Wenzake wanamwita kwa kumrushia vipande vya mbao. Mimi naogopa msumeno. — Fundi, Mafinga*

Unaogopa kitu sahihi, na huko kurusha mbao kukome leo. Anayeshtuliwa akiwa kwenye msumeno wa duara ataacha vidole mezani. Asiguswe kwa nyuma wakati mashine inazunguka. Anayemtaka azunguke asimame mbele yake, mahali alipopanga mwenyewe kwamba ndipo atakapotazama, na asubiri amalize ubao. Mwekee balbu ya rangi usawa wa macho yake, swichi iwe mlangoni, ikiwaka anazima na kugeuka. Mashine yake iwe imeelekea mlango, asifanye kazi mgongo ukiwa kwa watu. Wenzake wajifunze kwake alama za zima, washa, subiri, hatari, vipimo na majina ya mbao zenu; yeye ndiye mwalimu na muda huo uhesabu kuwa wa kazi.

Malipo mpatane kwa maandishi, mbele ya mtu anayejua alama. Usimwonyeshe vidole vitano ukaondoka. Nimewahi kuitwa kusuluhisha kesi ya hivyo: bosi alimaanisha elfu tano kwa siku, kijana alikuwa anasubiri elfu hamsini kila Jumamosi.